Ubora wa jiko uanzie kwenye tanuri

Jiko la makaa lenye bati nje na chungu cha udongo ndani lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuigiza jiko la Thailand. Sifa yake ni kutumia makaa machache. Lakini sifa hiyo yote imo ndani ya chungu. Kikipasuka na kumeguka, moto hulifikia bati, bati huungua, na mnunuzi hurudi kwenye hasara aliyotaka kuiepuka.

Wengi hudhani ufa ni bahati mbaya. La hasha. Udongo hutanuka ukipata moto na kusinyaa ukipoa, na upande unaotazama makaa hutangulia ule wa nje. Bati nalo hutanuka kuliko udongo, ndiyo maana fundi stadi huweka kati yao tabaka la saruji na vamikulaiti. Kila pishi hurudia mvutano huo, na maji ya kuzimia makaa humaliza kazi.

Dawa ni ya kale: wafinyanzi huchanganya udongo na vigae vilivyosagwa, ili ufa mdogo ukikutana na chembe ngumu ukwame. Wahandisi wa ndege nao hupambana na ufa huo huo. Injini ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2016, ina vipande vya kauri vilivyotiwa nyuzi za silikoni kabaidi zinazouzuia ufa usienee. Hata nyuzi hizo hurefuka polepole zikikaa katika joto kupita kiasi.

Tatizo la jiko, basi, si ujuzi bali ni soko. Mfinyanzi anayekausha chungu kivulini na kukichoma hadi kiive hutumia siku na kuni nyingi zaidi. Hata hivyo, chungu chake huuzwa kando ya kilichoharakishwa, na macho ya mteja hayatofautishi. Anayelipua kazi ndiye anayepata faida, na fundi mwaminifu husukumwa nje.

Vyama vya mafundi wa jua kali vinafaa kutia alama ya mtengenezaji kwenye kila chungu na kutoa dhamana. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) likague tanuri, si maduka pekee. Mnunuzi naye akigonge chungu kabla ya kulipa: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu.