Mtani Hanuniwi

Wako watumishi wa umma, wala si wachache, wanaoamini kwamba heshima ya ofisi hulindwa kwa kununa. Mtu wa namna hiyo huingia kazini asubuhi amekunja uso kama anayedaiwa, akaketi nyuma ya meza yake, na mwananchi aliyetoka mbali kufuata haki yake akithubutu kutabasamu huulizwa kama amekuja kufanya mchezo. Kwake yeye kicheko ni dalili ya utovu wa nidhamu. Hapana ajabu basi kwamba siku hizi, vijana wetu wanapojaza kumbi kumsikiliza mwenzao mmoja aliyesimama peke yake na kipaza sauti, bila ngoma, bila maleba, bila hata kiti, wako wakubwa wanaouliza: hiyo nayo ni kazi? Na wako wanaouliza swali la pili, kwa sauti ya chini zaidi: huyu leo atamsema nani?

Swali hilo la pili ndilo lenye uzito, na ndilo nitakalolishughulikia. La kwanza lilikwisha kujibiwa na mababu zetu.

Wasemao kwamba vichekesho vya jukwaani vimeletwa na televisheni za Marekani wanasahau walikozaliwa. Jukwaa na kipaza sauti ni vya wageni, hayo tunayakubali. Lakini mtu mmoja kupewa idhini na jamii nzima kusema mbele ya watu yale ambayo wengine hawathubutu kuyasema, hilo ni letu, na jina lake ni utani. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo kutoka Tabora hadi pwani, wakipita katika nchi za watu wasiowajua, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Ugeni huo ungeweza kuzaa mapigano kila siku. Badala yake ulizaa utani baina yao na Wazaramo na makabila mengine ya njiani. Wangoni nao walifika kutoka kusini kwa mikuki, wakapigana na wenyeji, na vita vilipokwisha waliokuwa maadui wakageuka watani. Kuitana mtumwa na kutekana kwa mzaha kulichukua mahali pa kutekana kwa kweli. Sijui kama yako mataifa mengi duniani yaliyofanya mapatano ya amani kwa njia nafuu kiasi hicho.

Tena tuangalie mahali ambapo utani ulipewa nguvu zake zote: msibani. Watu wamekaa matangani, wamelemewa, na hapo anaingia mtani. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, huwaambia wafiwa kwamba marehemu amekufa na deni lake na kwamba haondoki mpaka alipwe. Ataficha sufuria ya wali, atazuia jeneza njiani mpaka atolewe chochote. Mjane ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana hujikuta amecheka, na akishacheka huweza kula. Lakini mtani yuleyule ndiye pia aliyechimba kaburi, na mara nyingi ndiye aliyebeba kazi ambazo ndugu wa damu hawakuwa na nguvu ya kuzifanya. Idhini ya kudhihaki ilikuja pamoja na jembe. Jambo hili tuliweke akilini, maana nitalirudia.

Walimu wa shule za msingi hawana haja ya kuelezwa habari za Abunuwasi. Vizazi na vizazi vya watoto wetu vimesoma jinsi maskini mmoja alivyoshitakiwa na tajiri kwa kosa la kunusa harufu nzuri ya chakula chake, na jinsi Abunuwasi alivyomlipa tajiri huyo kwa mlio wa fedha. Watoto hucheka. Lakini hebu tuwaulize walichokicheka. Wamecheka hukumu ya sultani aliyekwisha kukubali madai ya tajiri! Hapana aliyewahutubia juu ya dhuluma na unyonyaji, wala hawakuhitaji kuhutubiwa. Wameuona upuuzi wa mwenye nacho kwa macho yao, na hawatausahau hata wakizeeka.

Chama chenyewe kililijua jambo hili zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kile kifungu maarufu cha 15, ulikataza kiongozi kuwa na kiburi, kuishi kwa anasa, kudharau watu na kuwaonea. Maneno hayo yalisomwa matawini na viwandani. Ila kiburi ni ugonjwa wa ajabu, kwa maana mwenye nao huusikiliza waraka unaoukemea huku akitikisa kichwa kwa kukubali, akidhani anasemwa jirani yake. Hapo ndipo ilipopatikana kazi ya Chakubanga. Kikatuni hicho cha Christian Gregory, katika kurasa za gazeti la Uhuru, kilikuwa kikitazamwa na watu wengi kabla hawajasoma habari yoyote nyingine, nacho kiliwachora wakubwa na wadogo wa mjini katika hali zao za aibu. Mkubwa aliyejiona humo hakuwa na wa kumshitaki. Angemwambia nini hakimu, kwamba yule mtu mwenye kitambi ni yeye? Na jioni, katika Radio Tanzania Dar es Salaam, nchi nzima ilitega sikio kwa Pwagu na Pwaguzi, waliopewa majina yao kutokana na methali ya mwizi aliyekutana na mwizi kumzidi. Tapeli aliyetapeliwa alitufunza kujihadhari na walanguzi kuliko matangazo mengi ya wizara.

Mwalimu Nyerere hakuwa mchekeshaji, lakini waliosikiliza hotuba zake za mwaka 1995, nchi ilipokuwa ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, wanakumbuka jinsi alivyowashughulikia wale waliotaka kujua kabila la kila mgombea. Hakuwafokea. Aliwauliza kama kabila hilo walilitaka kwa ajili ya kutambika. Ukumbi ukaangua kicheko, na mtu aliyekuwa amejiandaa kusema habari za kabila lake akatafuta maneno mengine. Mwenye kufokewa aweza kujibu kwa kufoka. Mwenye kuchekwa na umma hana pa kushika.

Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, na ndiyo maana inaogopwa. Mwezi Mei mwaka 2020 nchi yetu ilipata habari za mchekeshaji mmoja kukamatwa na polisi baada ya kuonekana katika video akiicheka picha ya zamani ya Mkuu wa Nchi. Sina nia ya kuingilia mambo ya sheria, nayo yana wenyewe. Nasema tu kwamba dola yenye jeshi, mahakama na hazina yake haikupungukiwa kitu kwa kicheko cha kijana mmoja, bali watu wengi waliokuwa hawajaiona picha ile waliitafuta baada ya kukamatwa kwake. Majirani zetu wa Kenya waliyaona haya mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass walikuwa wakimwigiza Rais Moi katika televisheni, sauti yake, fimbo yake na yote, naye yu madarakani. Moi aliondoka Ikulu mwaka 2002 kwa mujibu wa katiba, wala si kwa sababu ya vichekesho. Na mmoja wa vijana wale, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2017. Walimu watapenda kusikia pia kwamba Volodymyr Zelensky, aliyechaguliwa kuwa Rais wa Ukraine mwaka 2019, alipata umaarufu katika mchezo wa televisheni alimoigiza mwalimu wa shule anayejikuta amekuwa rais. (Walimu wetu wasianze kufunga mizigo kwa ajili hiyo.)

Kicheko kinachozuiliwa ukumbini hakifi. Huhamia kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa na kwenye simu za mikononi, na huko hukua bila adabu, kikachanganyika na uvumi na chuki. Ofisa mwenye busara angependelea kumsikia mchekeshaji akiisema idara yake mbele ya watu mia tano, akajua foleni yake inachukiza wapi, kuliko kuliarifiwa jambo hilo siku ambayo hasira imekwisha kuiva.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba natetea kila kinachochekesha. Sehemu kubwa ya vichekesho vinavyosambazwa siku hizi haiwagusi wakubwa kabisa. Inamcheka kiwete, inamcheka mwenye ualbino, inaucheka mwili wa mwanamke mnene, inamcheka mtu wa bara kwa namna anavyotamka “r” na “l”. Huo si ushujaa. Hapo ndipo kanuni ya watani inapotufaa, maana mtani alimtania mtu aliyekuwa na haki na uwezo wa kumrudishia, tena alikuwa tayari kumchimbia kaburi. Yule anayemdhihaki asiyeweza kujibu, halafu akashuka jukwaani na kwenda zake, jina lake kwa Kiswahili ni mwonevu.

Na jukwaa kubwa kuliko yote la uonevu huo, niseme wazi, si ukumbi wa starehe bali ni darasa. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Anainua mkono, anajaribu, ulimi unateleza. Mwalimu anayarudia makosa yake kwa kuigiza sauti, na wanafunzi hamsini wanacheka, wengi wao kwa furaha ya kwamba si wao. Mwalimu yule hudhani amechangamsha somo. Kwa kweli amefunga mlango. Mtoto yule hatainua mkono tena muhula huo, labda hata mwaka huo, na wale hamsini wamejifunza kwamba kunyamaza ndio usalama. Baada ya miaka michache tunawaona hao hao wamekaa katika mikutano ya kijiji na ya kazi, wana la kusema, hawalisemi, halafu tunauliza kwa nini wananchi hawashiriki.

Mwalimu aliyebobea hufanya kinyume chake: hujicheka mwenyewe kwanza. Husimulia jinsi ulimi unavyoweza kumpindia hata mtu mzima, darasa likacheka kwa pamoja, na kosa likawa ni kitu cha kawaida kama chaki mikononi. Mbinu hii haigharimu serikali hata senti moja. Inashangaza kwamba vyuo vya ualimu havimpi mwanachuo hata saa moja ya kufikiri juu yake.

Limebaki la ujira. Mzee Amri Athuman, tuliyemjua kwa jina la King Majuto wa Tanga, alianza kuigiza akiwa mtoto, akawachekesha Watanzania kwa zaidi ya nusu karne, kutoka majukwaa ya vichekesho vya zamani mpaka filamu na matangazo ya biashara. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Kabla ya hapo, akiwa mgonjwa, ilidhihirika kwamba mikataba ya matangazo yake haikumpa haki yake, mpaka Serikali ikabidi kuingilia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na msanii kabla kalamu haijagusa karatasi. Maofisa utamaduni wa wilaya wanaweza kuanza na hilo: kumsomea kijana mkataba wake, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kabla hajatia sahihi.