Ushuru wa maegesho uwafikie na vijana

Sipingi kulipia maegesho Kariakoo. Gari linaloshinda mbele ya duka kutwa nzima humnyima nafasi mteja na msukuma mkokoteni. Ninachodai ni vijana wa mitaa hiyo wanufaike pia. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, vijana wakipata asilimia 4. Ni jambo jema, ila mikopo ni ya vikundi vya watu wazima. Binti wa miaka 15 aliyeishia darasa la saba anahitaji kwanza fundi wa kumwelekeza na cherehani ya kujifunzia. Fedha za hayo zinaweza kutoka kwenye ushuru wa maegesho, ambao hukusanywa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) kwa ajili ya barabara. Wabunge wetu waruhusu sehemu yake ibaki kwenye kata, igharamie vituo vya vijana.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam