Bwawa la samaki: mshahara wa pili, kama maji iko safi

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa nyumba, mshahara unaisha mbele ya mwezi kuisha, na bukari inangojea mboga. Thomson inatoka bahari ya mbali, bei yake inafuata dola. Lakini makobo ni samaki ya kwetu Katanga. Kule Kipopo, karibu na Lubumbashi, walichunguza namna ya kuifuga tangu wakati wa Wabelgiji.

Bwawa la mita 10 kwa 20 linatosha kwa kuanza. Tia samaki wadogo 2 kwa kila mita ya mraba, basi. Wakijazana, wanazaana tu na wanabaki wadogo. Chakula yao: pumba za mahindi, majani ya muhogo, mavi ya kuku inarutubisha maji. Kisha miezi 6 hivi unavua. Wakati wa baridi wanakawia kukomaa.

Lakini kama baba iko mugodini, nani analisha samaki kila siku? Ni mama na watoto. Basi feza ya mauzo ipite mikononi mwao pia.

Na maji? Asidi ya kiwanda ikiingia mtoni, siku moja tu inaua kazi ya miezi yote. Wakubwa wa kampuni wafunge maji yao machafu. Na sisi tusimwagie jirani wa chini matope ya bwawa letu. Madini itaisha siku moja. Mto ukifa mbele yake, watoto watakula nini?