Dini ya Sinema Majumbani Mwetu

Katika sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales, watu zaidi ya 390,000 walipoulizwa dini yao waliandika "Jedi", jina la mashujaa wa kubuni wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Wengi walifanya mzaha, twajua. Lakini ni mzaha gani huu unaokalishwa mahali pa dini? Na wapo wanaojishonea majoho ya mashujaa hao, wakaenda nayo sinemani.

Tusiwacheke. Kwetu Pwani filamu ni za Kihindi. Iddi ikikaribia, fundi cherehani huletewa picha ya mwigizaji ili amshonee binti wa Kiislamu vivyo hivyo, na mzazi ndiye alipaye. Kijana naye hukariri maneno ya mahaba ya Shah Rukh Khan kwa lugha asiyoijua, neno kwa neno, na kilio mahali pake. (Maneno mepesi hayo, hayadai mahari!) Kijana huyo huyo akiletwa madrasa, twaambiwa: "Maalim, mwanangu ana kichwa kizito, Juzuu Amma haimwingii." Kizito kwa lipi? Kichwa ni kile kile; moyo ndio uliokwisha kupata mwenyewe.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu atakuwa pamoja na ampendaye. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia jinsi Masahaba walivyolifurahia hilo, kwani walijua wampendaye. Basi mzazi na amwulize mwanawe usiku wa leo majina ya wake wa Mtume, kisha amwulize majina ya waigizaji.