Mwalimu Mwenye Bastola Kiunoni

Wenzangu wa elimu, hebu tuizungumze hii habari ya walimu wa Marekani kuruhusiwa kuingia darasani na bastola. Hapa kampasi nimesikia watu wakisema, "Si afadhali, kuliko kusubiri polisi?" Mimi nasema hapana, na mashahidi wangu sio wapinga silaha. Ni wenye bastola wenyewe.

Bastola ya kubeba kwa siri kule mara nyingi ni ile fupi ya milimita 9. Glock 19, iliyotoka 1988, inachukua risasi 15. Lakini kuificha chini ya fulana wakati wa joto ni shughuli, ndiyo maana viwanda vikazidi kupunguza: Glock 43 ya 2015 ina risasi 6, na SIG Sauer P365 ya 2018 ikabana 10 kwenye umbo dogo vilevile. Wateja wakafurahi. Nyepesi, haivimbi kiunoni, unashinda nayo hadi unasahau kama unayo.

Sasa wasikilize wakitoka kwenye uwanja wa shabaha. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Kwa kuwa bastola ni nyepesi, risasi ileile inaupiga mkono kwa nguvu zaidi na mdomo unaruka juu, kwa hiyo kulenga tena kunachukua muda. Vilengeo vya mbele na nyuma vimekaribiana, basi kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye karatasi. Kiganja kikianza kuuma, mtu anafunga begi anaenda zake. Yaani ile inayobebeka vizuri ndiyo ngumu kulenga, na ndiyo inayofanyiwa mazoezi kidogo. Wazoefu humwambia mgeni ajifunzie kwanza kwenye kubwa.

Halafu nyingi, Glock ikiwemo, hazina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Kinga ya nje iko kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo mwenye nayo anategemea sana ala inayokifunika, na kidole chake kisiwe na haraka.

Watunga sheria wao wanaangalia kubeba tu. Ohio, Juni 2022, ilishusha mafunzo ya mwalimu mwenye silaha kutoka zaidi ya saa 700 za kipolisi hadi yasiyozidi 24, ingawa bodi ya shule ikitaka inaweza kuongeza. Saa 24 ni siku tatu za kazi! Sisi tunakaa chuo miaka mitatu ndipo tukabidhiwe chaki. Tennessee nayo mwaka 2024 iliweka saa 40, na wazazi hawaambiwi ni mwalimu yupi anayo.

Wanaotetea wana hoja moja nzito, tusiwadharau. Uvalde, Texas, Mei 2022, polisi walikaa ndani ya shule zaidi ya saa moja kabla ya kumkabili muuaji. Mzazi akiniambia hawaamini tena, namwelewa kabisa. Ila wale walisomea kazi hiyo, na walikuwa na bunduki kubwa kuliko bastola. Kama wao waliganda, mwalimu wa hesabu mwenye bastola ya risasi 10 na siku tatu za mafunzo tunamtwisha nini?

Na siku za kawaida je, ambazo ndizo nyingi? Machi 2018 huko Seaside, California, mwalimu aliyekuwa pia polisi wa akiba alifyatua risasi darasani kwa bahati mbaya, akiwa anafundisha somo la usalama. Mwanafunzi mmoja aliumia. Huyo alikuwa na mafunzo.

Sasa fikiria darasa la kwanza. Mwalimu akiifungia bastola kwenye kabati, siku ya balaa atatafuta funguo kwanza. Akibaki nayo, atainama mara ngapi kwa siku kusahihisha madaftari, na watoto wa umri ule wakimkumbatia mwalimu mikono yao inafika kiunoni, palepale ala ilipo.