KETI NA KALAMU KABLA YA KUPANDA BASI LA NAIROBI



Leo naanza na kosa langu. Mwaka jana kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kitale alinipigia akiwa na furaha: "Pasta, nimepata kazi Nairobi! Hapa nalipwa 40,000, kule watanipa 55,000. Niombee." Niliomba. Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba mlango umefunguka. Sikumwuliza hata swali moja. Miezi mitano baadaye alikuwa amezama katika mikopo ya simu, na nikimpigia hashiki, anaona aibu.

Aliporudi tuliketi na daftari. Nyongeza ni 15,000. Lakini mshahara ukishapita 32,333, kinachozidi hukatwa PAYE ya asilimia 30. Weka SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na NSSF. Zaidi ya 5,000 imeenda kabla haijafika benki. Imebaki chini ya 10,000. Hapa kodi ya nyumba ilikuwa 5,000, kule 11,000. Imebaki chini ya 4,000. Hapa alitembea kwenda kazini. Kule matatu ni 200 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22, ni 4,400. Nyongeza imekwisha! Na bado hajala chakula cha mchana, wala mvua haijanyesha nauli ikapanda. Sijataja mahindi ya mama na maziwa ya jirani, vitu ambavyo hapa hakuvinunua.

Utaniuliza, "Pasta, imani iko wapi? Abrahamu si alitoka bila kujua aendako?" Kweli, lakini Abrahamu aliitwa na Mungu. Lutu naye alihama, akichagua kwa macho bonde lililopendeza, na akaishia Sodoma (Mwanzo 13). Wewe umeitwa na nani? Na Mungu, au na tarakimu ya mshahara?

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14:28). Kabla ya jiwe la kwanza, kuna hesabu. Hesabu si adui wa imani.

Sisemi usiende. Nenda! Lakini kwanza mpigie mtu anayeishi mtaa huo. Muulize kodi, dipositi, maji, stima, nauli ya asubuhi. Linganisha kinachobaki mwisho wa mwezi hapa na kule, usilinganishe mshahara na mshahara. Ikikataa, rudi kwa mwajiri mzungumze kabla hujatia sahihi.

Na sisi wachungaji, tuache kutangaza milango ambayo hatujauliza inaelekea wapi. Kijana wangu, nisamehe.

Baba, utupe hekima ya kuhesabu na ujasiri wa kutii, katika jina la Yesu. Amina.

Unamjua anayefunga mizigo wiki hii? Mtumie ujumbe huu leo, kabla hajakata tiketi.