Kocha wa pedi asimfokee kocha wa benchi

Siku hizi kila mwenye PlayStation sebuleni ni kocha. Akifungwa fainali anazima mashine bila kusevu, anawasha tena, anarudia mpaka abebe kombe. Halafu Jumapili yuko jukwaani anataka kocha wa timu yake afukuzwe kwa sare mbili!

Utetezi wao ni Will Still, aliyekulia kwenye Football Manager, kisha mwaka 2022 akapewa Reims ya Ufaransa. Sawa, ila wanaruka kitu. Jamaa alisomea soka Uingereza, akaanzia chini Sint-Truiden ya Ubelgiji, akichambua video za mechi. Na bado, kwa kukosa leseni ya juu, Reims ililipa faini ya euro 25,000 kila mechi.

Wenye pedi wampe kocha wao angalau mzunguko mmoja, ndipo waanze kelele.